Hesabu Inayosikika: Mizani, Mkazo na Kina katika Kipande cha Mizani Nane

Ikisiri

Makala haya yanaeleza nafasi ya hisabati katika sanaa kwa kutazama mfano mmoja ulio karibu nasi: kipande cha mizani 8, ambacho ndicho tofali la utenzi na la shairi la tarbia. Yanaonesha kwamba hesabu ya silabi, ikiunganishwa na kanuni ya mkazo wa Kiswahili, huzaa idadi maalumu ya mapigo, na kwamba idadi hiyo hufuata mfuatano ule ule uliogunduliwa na wanaarudhi wa India karne nyingi zilizopita. Makala yanadai kwamba kina cha Kiswahili, kwa kuwa huangukia silabi isiyo na mkazo, husikika kwa msaada wa mizani. Kwa hiyo vina na mizani si masharti mawili yaliyowekwa bega kwa bega. La kwanza husimama juu ya la pili.

1.0 Utangulizi

Inapotajwa hisabati katika sanaa, fikra za wengi hukimbilia vitu vinavyoonekana kwa macho: nakshi za milango ya Lamu na Zanzibar, ukili wa mikeka, mihimili na matao ya misikiti. Ushairi hutajwa mwishoni, au hautajwi kabisa. Hali hii inashangaza kidogo, kwa sababu katika sanaa zote za Waswahili ushairi ndio pekee ambao wataalamu wake huanza mazungumzo kwa kutaja namba. Mwulize malenga utenzi ni nini, atakujibu kwa nane na nne kabla hajakutajia maudhui.

Jina lenyewe lina asili ya hesabu. Mizani ni chombo cha dukani kabla ya kuwa istilahi ya ushairi. Inkisari, yaani kufupisha neno ili litoshe, inatokana na mzizi wa Kiarabu uleule unaotoa neno la sehemu katika hesabu; mazida, yaani kurefusha neno, ni ndugu wa zaidi na zidisha. Mshairi anayetumia uhuru wake wa kishairi hupunguza na kuongeza, sawasawa na mwenye duka anayesawazisha vitanga vyake.

Hata hivyo, katika maandishi na mafunzo yetu hesabu hii mara nyingi huishia kwenye kuhesabu. Anayesahihisha karatasi za fasihi anaifahamu sentensi hii: "Shairi hili lina mizani 16 katika kila mshororo." Mwanafunzi huiandika, hupewa alama yake, na mambo huishia hapo. Swali linalofuata haliulizwi: hizo 16 zinafanya kazi gani? Makala haya ni jaribio la kulijibu, tukianza na nusu yake, 8.

2.0 Wanaarudhi wa kale na hesabu ya mapigo

Kabla ya kurejea kwetu inafaa tutazame mapokeo mawili ambayo arudhi zake zilikuwa hisabati tangu mwanzo.

La kwanza ni la Kisanskriti. Katika lugha hiyo silabi ni za aina mbili: nyepesi, inayohesabiwa pigo moja, na nzito, inayohesabiwa mapigo mawili. Pingala, katika risala yake ya kale juu ya arudhi, alishughulikia namna ya kuorodhesha mipangilio yote ya nyepesi na nzito. Warithi wake walijiuliza swali mahususi zaidi: mshororo wenye urefu wa mapigo kadhaa unaweza kupangwa kwa njia ngapi? Pigo moja lina njia 1, mapigo mawili yana njia 2, matatu, 3, manne, 5, matano, 8, sita, 13. Kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Sababu yake ni nyepesi: mshororo wowote humalizika ama kwa silabi nyepesi ama kwa nzito, ukiondoa nyepesi unabaki na mshororo uliopungua pigo moja, na ukiondoa nzito unabaki na uliopungua mapigo mawili. Hemachandra aliieleza kanuni hii waziwazi katikati ya karne ya 12. Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kwa jina la Fibonacci, aliutaja mfuatano huo huo katika kitabu chake Liber Abaci cha mwaka 1202 akizungumzia kuzaana kwa sungura, na Ulaya ikaupa jina lake. Kwa maneno mengine, mfuatano ambao leo hutafutwa katika maua na konokono ulikuwa tayari umo katika ushairi.

La pili ni la Kiarabu. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, aliyezaliwa Oman na kufanya kazi Basra katika karne ya 8, aliigawa mishororo ya Waarabu katika herufi zenye harakati na zenye sukuni, akaipanga katika duara tano. Mantiki ya duara ni kwamba mfuatano mmoja unaojirudia hutoa bahari tofauti kutegemea mahali unapoanzia kuusoma. Fupi-ndefu-ndefu ikizunguka bila kukoma, ukianzia penye silabi ndefu ya mwisho utapata ndefu-fupi-ndefu. Kutoka katika duara hizo al-Khalil alipata bahari 15, na al-Akhfash akaongeza ya 16. Mtu huyu ndiye aliyeasisi pia kamusi ya Kitab al-Ayn, ambayo maneno yake yalipangwa kwa kugeuzageuza herufi za mzizi: herufi tatu hutoa mipangilio 6, na mtunzi wa kamusi huangalia ni ipi inayotumika na ipi isiyotumika. Njia hii ya kugeuzageuza tutaihitaji hapa chini.

Mapokeo haya mawili yana msingi mmoja: silabi za aina mbili. Penye aina mbili pana uteuzi, na penye uteuzi pana kitu cha kuhesabu. Kiswahili hakina msingi huo. Urefu wa irabu hautofautishi silabi fupi na ndefu. Kaa ni silabi mbili, ka-a. Silabi nyingi ni wazi, na zote huhesabiwa mizani moja moja. Ndiyo maana, ingawa washairi wa pwani waliijua arudhi ya Kiarabu na kuazima istilahi zake, mfumo wa urefu haukupata mahali pa kushika. Neno bahari lenyewe lilihama maana: kwa Waarabu ni mpangilio wa fupi na ndefu, kwetu ni aina ya utungo, au kile kina cha mwisho kinachoupitia utenzi mzima.

Ikiwa silabi zote ni sawa, basi kipande cha mizani 8 ni nukta 8 zinazofanana. Mapigo mbalimbali yanatoka wapi?

3.0 Kinachohesabiwa

Kabla ya kujibu, neno juu ya kipimo chenyewe, kwani mambo si mepesi kama yanavyofundishwa. Silabi ya Kiswahili haisomeki katika tahajia peke yake. Linganisha mtu mbaya na nyumba mbaya. Katika fungu la kwanza mbaya ina mizani tatu, m-ba-ya, kwa sababu m ni kiambishi cha ngeli ya kwanza, mabaki ya mu- ya zamani, na imehifadhi usilabi wake hata baada ya irabu kudondoka. Katika la pili mbaya ina mizani mbili, mba-ya, kwa sababu nazali ile ni ya ngeli ya tisa na imeshikamana na b. Herufi ni zile zile, mizani ni tofauti. Programu ya kompyuta inayohesabu irabu itakosea hapa, na mhariri anayesahihisha muswada wa hati za Kiarabu kwa kuhesabu vidole bila kuangalia ngeli atakosea pia, tena ataongeza silabi mahali ambapo mshairi hakupunguza kitu.

Maneno ya mkopo yana taabu yake. Labda ni mizani mbili au tatu? Wako wanaoandika labuda ili kumaliza ubishi. Mwandishi wa makala haya haoni kuwa swali hili lina jibu moja kwa tungo zote; kila mtunzi ana desturi yake, na mhakiki anapaswa kuijua desturi hiyo kabla ya kutangaza kosa.

4.0 Kumi na tatu

Sasa turejee kwenye swali. Mapigo ya kipande cha Kiswahili yanatokana na mipaka ya maneno. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Barábara yenye maana ya sawasawa, inayotofautiana na barabára ya kupitia magari, ni miongoni mwa vighairi vichache. Kwa hiyo ukijua neno linaishia wapi, umejua mkazo uko wapi. Maneno ya silabi moja kama na, ya, wa, ni kwa kawaida hayasimami peke yake, bali huegemea neno linalofuata, hivi kwamba ya mama husikika kama kundi moja la silabi tatu. Tuyaite makundi haya makundi ya mkazo. Kila kundi lina silabi mbili au zaidi. Tunaacha kando kipande kinachomalizikia kwa neno la silabi moja, ambacho ni nadra.

Swali likawa: mizani 8 zinaweza kugawika katika makundi ya silabi mbili au zaidi kwa njia ngapi? Tuziandike zote:

2+2+2+2, 4+2+2, 2+4+2, 2+2+4, 4+4, 3+3+2, 3+2+3, 2+3+3, 5+3, 3+5, 6+2, 2+6, na 8 peke yake.

Jumla ni 13. Tukifanya vivyo hivyo kwa urefu mwingine tunapata: mizani 2, njia 1, mizani 3, njia 1, mizani 4, njia 2, mizani 5, njia 3, mizani 6, njia 5, mizani 7, njia 8, mizani 8, njia 13. Ni mfuatano wa Hemachandra, uliofikiwa kwa njia nyingine. Sababu yake inaonekana tukiliangalia kundi la mwisho. Ama ni la silabi mbili, na tukiliondoa tunabaki na kipande kilichopungua mizani mbili. Ama ni refu zaidi, na tukilikata silabi moja tunabaki na kipande halali kilichopungua mizani moja. Lugha isiyokuwa na silabi nzito na nyepesi imefika mahali pale pale kwa kutumia kanuni yake ya mkazo.

Hizi si hesabu za karatasini tu. Kila mgawanyo kati ya hii 13 una pigo lake ambalo hakuna mwingine wenye kuwa nalo. Tuchukue mifano ya kubuni. Mama yangu yupo mbali ni 2+2+2+2, na mikazo yake iko kwenye silabi ya 1, 3, 5 na 7. Walikuja wakaketi ni 4+4, mikazo kwenye ya 3 na ya 7. Pwani walipokutana ni 2+6. Walipokutana pwani ni 6+2. Walipokaribishana ni neno moja linalojaza kipande chote. (Neno refu kama hili hupata pia mkazo hafifu mahali pengine, tunaloangalia hapa ni mkazo mkuu.) Ukisema bahari imetulia, mkazo uko kwenye ya 2 na ya 7, ukipindua na kusema imetulia bahari, uko kwenye ya 4 na ya 7. Maneno ni yale yale mawili, mizani ni zile zile nane, lakini mwendo umebadilika: wa kwanza unapiga mapema kisha unajivuta, wa pili unachelewa kisha unafika haraka.

Tujaribu sasa njia ya al-Khalil kwa maneno matatu: bahari, yetu, tulivu. Yanaweza kupangwa kwa njia 6, na kuboronga sarufi, ambako washairi wanakuruhusu, kunazifanya zote zitumike. Bahari yetu tulivu na tulivu yetu bahari zina pigo moja, 3+2+3. Yetu bahari tulivu na yetu tulivu bahari ni 2+3+3. Bahari tulivu yetu na tulivu bahari yetu ni 3+3+2. Mipangilio 6 imetoa mapigo 3. Lakini angalia vina. Anayehitaji kina cha -vu anabaki na mapigo mawili ya kuchagua, 3+2+3 na 2+3+3. Anayehitaji -ri vivyo hivyo. Anayehitaji -tu hana uchaguzi, lazima achukue 3+3+2. Kumbe kina kikishachaguliwa kinafunga baadhi ya milango ya mapigo na kuacha mingine wazi. Mtunzi anayekaa na ubeti wake usiku kucha akipindua maneno anafanya hesabu hii hii, bila kalamu, na anaifanya kwa sikio.

5.0 Kina kisicho na mkazo

Katika orodha ile ya 13 mna jambo ambalo ni rahisi kulipita. Migawanyo yote, bila kuacha hata mmoja, ina mkazo kwenye silabi ya 7, na yote haina mkazo kwenye ya 8. Haiwezi kuwa vingine, kwa sababu kipande kinaishia mwisho wa neno. Na silabi ya 8 ndiyo yenye kina.

Kwa hiyo kina cha Kiswahili hukaa mahali dhaifu kuliko pote katika kundi lake. Linganisha na Kitaliano, lugha ambayo nayo maneno yake mengi yana mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Huko urari huanzia kwenye irabu yenye mkazo: amore hulingana na dolore kwa sababu -ore nzima inalingana, pamoja na pigo lake zito. Sikio linapopigwa na mkazo linapigwa pia na ulinganifu. Kwetu tulivu, angavu na shupavu zinahesabiwa kuwa na kina kimoja kwa -vu tu. Mkazo wenyewe unaangukia li, nga na pa, silabi zisizolingana. Ulinganifu unaanza pale ambapo mkazo umekwisha.

Ongeza juu ya hayo kwamba Kiswahili kimejaa ulinganifu wa bure. Vitenzi vingi huishia kwa irabu moja, na mashina mengi huishia kwa silabi zile zile. Chukua sentensi ya kawaida kabisa: "Aliamka alfajiri, akajitwika mtungi, akavuka mto, akafika sokoni amechoka." Silabi -ka imemalizia maneno matano. Hakuna msikilizaji atakayesema amesikia vina. Kwa nini? Silabi ile ile, lugha ile ile, na marudio ni mengi kuliko ya ubeti mzima wa utenzi. Kilichokosekana ni umbali ulio sawa. Katika utenzi sikio likishapata vipande viwili au vitatu linajua kwamba baada ya silabi 8 kuna kitu kinarudi, nalo hungoja. Silabi dhaifu inayongojewa husikika. Silabi dhaifu isiyongojewa hupotea.

Hili ndilo dai letu. Mizani humwekea msikilizaji saa, na kina ni mlio wa saa hiyo. Ukiondoa mizani huondoi sharti moja kati ya mawili: unaondoa pia sehemu kubwa ya lile la pili, hata kama silabi za mwisho zimebaki zimelingana kwenye karatasi.

Mtu anaweza kupinga kwamba tungo zetu ziliimbwa, na kwamba mahadhi huivuta silabi ya mwisho hata ikasikika wazi kuliko zote. Hoja hiyo ni ya kweli, na inatuunga mkono. Mahadhi hayawezi kujua ni silabi ipi ya kuvuta mpaka yawe yamepimwa kwa idadi; ndiyo sababu ubeti wowote wa utenzi unaweza kuimbwa kwa mahadhi ya utenzi mwingine. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), alishikilia sana uhusiano wa shairi na wimbo. Kwa mtazamo wa makala haya, wimbo na hesabu ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili.

Muundo wa utenzi unathibitisha jinsi saa hii ilivyotegwa. Vina vitatu vya kwanza vya ubeti hulingana. Cha nne, cha bahari, hutofautiana navyo lakini hulingana na vya nne vya beti nyingine zote. Kina cha bahari hurudi baada ya mizani 32. Hapana sikio linalohesabu mpaka 32. Linahesabu 8 mara tatu, linazoea, kisha linavunjiwa mazoea, na katika kuvunjiwa huko linaamka na kukipokea kina cha bahari. Katika Utenzi wa Tambuka, au Chuo cha Herekali, wa Mwengo, ulioandikwa mwaka 1728 na wenye beti zaidi ya 1000, kina hicho kimoja kinapaswa kupatikana mara zaidi ya elfu, ilhali kila kina cha ndani kinatakiwa mara tatu tu. Mzigo wa aina mbili hizi haulingani hata kidogo, na si ajabu kwamba watunzi wa tenzi ndefu hupenda kuikabidhi bahari kwa miishio ambayo sarufi huitoa kwa wingi.

6.0 Mgogoro wa ushairi kwa jicho la hesabu

Wasomaji wa jarida hili wanaukumbuka mjadala uliowaka miaka ya 1970 kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko, hasa baada ya Kichomi cha Kezilahabi (1974), na hoja zilizokusanywa na Mulokozi na Kahigi katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979). Upande mmoja ulidai kwamba vina na mizani ni uti wa mgongo wa ushairi wa Kiswahili. Upande wa pili ulidai kwamba ni vazi, na vazi hubadilishwa. Mengi yalisemwa juu ya urithi, ukoloni, Uarabu, Uafrika na uhuru wa msanii. Machache yalisemwa juu ya kile ambacho mizani hufanya ndani ya sikio.

Kwa maelezo yaliyotangulia, wanamapokeo walikuwa na haki kwamba vina na mizani haviachani, lakini hoja yao ilikuwa dhaifu walipoitegemeza kwenye desturi ya wahenga peke yake. Sababu iko katika mkazo wa lugha yenyewe, na ingekuwapo hata kama wahenga wasingetunga. Nao waliposema kwamba utungo uliotimiza idadi umekuwa shairi, walikosea hesabu. Ubeti wa tarbia una vipande 8, na kila kimoja kina njia 13. Idadi ya maumbo ya mapigo yanayoweza kuujaza ni 13 ikizidishwa kwa yenyewe mara nane, yaani 815,730,721. Lugha haiyapendelei yote sawasawa, kwa kuwa maneno ya silabi mbili, tatu na nne ndiyo mengi. Hata hivyo kanuni ya mizani inayakubali yote bila ubaguzi. Kanuni haiwezi kumwambia mtunzi alichukue lipi. Anayesifu shairi kwa kutimiza mizani 16 hajasema lolote juu ya uchaguzi huo, na huo ndio mahali ambapo Muyaka hutofautiana na mtu aliyejifunza kuhesabu jana.

Namba hiyo hiyo inawajibu pia wale walioiita arudhi gereza. Gereza lenye vyumba milioni mia nane si dogo. Lakini tusiwaonee: shabaha ya wanamabadiliko bora ilikuwa mazoea ya watunzi waliokwisha kukaa katika vyumba viwili vitatu vya gereza hilo wasitoke, na katika hilo walikuwa na haki. Katika mashairi huru yaliyofanikiwa utaona mtunzi ameacha mizani na vina pamoja, akategemea takriri ya maneno, usambamba wa sentensi na kituo cha mshororo. Njia isiyofanikiwa, kwa maoni yetu, ni ile ya katikati: mishororo ya urefu wowote iliyopambwa kwa silabi za mwisho zinazofanana. Macho huona vina, masikio hayavipati. Dai hili linaweza kupimwa. Wasomewe wasikilizaji wasioona maandishi tungo za aina mbili, zenye mizani na zisizo nayo, zikiwa na silabi zile zile za mwisho, waulizwe wamesikia nini. Kazi hiyo inamfaa mwanafunzi wa uzamili mwenye subira na kinasa sauti.

7.0 Vipande vifupi

Tumejifunga kwenye 8 kwa sababu ndiyo yenye kutumika zaidi. Vipande vifupi vina tabia nyingine, na vinastahili makala yake. Kipande cha mizani 4 kina njia mbili tu, 2+2 au 4. Cha 6 kina tano. Mshororo wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir kwa kawaida huhesabiwa mizani 10, zikigawika 6 na 4. Mizani 10 zisizogawika zingekuwa na njia 34. Mgawanyo ule unazishusha hadi 10, tano za kwanza zikizidishwa kwa mbili za mwisho. Kila mshororo unaanza ukiwa na nafasi ya kutembea, kisha unaingia mahali pembamba ambapo kuna mwendo wa aina mbili tu. Ukawafi, wenye vipande vya mizani 6, 4 na 5, hupitia pembamba hapo hapo katikati, kisha hupanuka kidogo, kwa kuwa mizani 5 zina njia tatu. Namna wasomaji wa kale walivyouvuta mshororo wa Al-Inkishafi kwa sauti kwenye ile 4 ya mwisho, na kama walikipa kipande hicho muda sawa na ule wa 6, ni swali ambalo kanda zilizorekodiwa pwani zinaweza kulisaidia kuliko hati zilizoandikwa.